Arthur Berson

Arthur Berson (6 Agosti 1859 – 3 Desemba 1942) alikuwa mtaalamu wa metorolojia na rubani wa puto aliyefanya kazi nchini Ujerumani. Anajulikana hasa kwa safari ya tarehe 31 Julai 1901, ambapo yeye na mwenzake Reinhard Süring walipanda kwa puto lenye kikapu cha wazi hadi kimo cha takriban mita 10,800. Katika historia ya Afrika Mashariki jina lake linahusiana na safari ya utafiti ya mwaka 1908, iliyopima kwa mara ya kwanza angahewa ya juu kabisa juu ya Ziwa Viktoria. Pepo za magharibi zilizogunduliwa katika safari hiyo ziliitwa kwa jina lake.

Kazi ya Berson ilitatua swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza linaonekana dogo: je, kipimajoto kilichofungwa kwenye chombo kinachosafiri kinaonyesha joto la hewa, au kinaonyesha joto la kitu kingine? Makosa aliyopambana nayo katika puto yangali yanawapata watu wanaopima joto la miji kwa gari, pamoja na jiji la Dar es Salaam.

Maisha ya awali

Berson alizaliwa mjini Neu Sandez katika Galisia, eneo lililokuwa wakati ule sehemu ya Austria-Hungaria. Leo mji huo unaitwa Nowy Sącz na upo kusini mwa Polandi. Masomo yake ya kwanza yalihusu lugha, si sayansi ya asili. Baadaye alihamia Berlin, akasoma jiografia na metorolojia, na katika miaka ya 1890 akafanya kazi kwenye Taasisi ya Metorolojia ya Prussia iliyoongozwa na Wilhelm von Bezold.

Katika taasisi hiyo alikutana na Richard Assmann (1845–1918), daktari wa tiba aliyekuwa ameacha uganga na kujiunga na utafiti wa hali ya hewa. Assmann alikuwa mtengenezaji wa vifaa, na Berson alikuwa tayari kuvipeleka juu. Ushirikiano wao uliendelea kwa miaka mingi.

Tatizo la kupima joto katika puto

Kabla ya Berson, vipimo vilivyoaminiwa zaidi kuhusu joto la hewa ya juu vilikuwa vya Mwingereza James Glaisher (1809–1903). Kati ya miaka 1862 na 1866 Glaisher alipanda mara nyingi kwa puto akiwa na vipimajoto na vipimo vya kanieneo. Safari yake mashuhuri ilianzia Wolverhampton tarehe 5 Septemba 1862, pamoja na rubani Henry Coxwell. Glaisher alizimia kwa kukosa oksijeni. Coxwell, ambaye mikono yake ilikuwa imekufa ganzi kwa baridi, aliokoa maisha yao kwa kuvuta kamba ya valvu kwa meno. Kabla ya kuzimia, karibu na kimo cha mita 8,800, Glaisher alikuwa amesoma halijoto ya takriban nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri.

Kwa miaka thelathini namba za Glaisher zilitumika vitabuni. Lakini zilikuwa na kasoro. Hakuna aliyetilia shaka uaminifu wake wala ushujaa wake. Kasoro ilitokana na jinsi kipimajoto kinavyofanya kazi.

Kipimajoto hakipimi hewa moja kwa moja. Kinaonyesha joto lake chenyewe, yaani joto la zebaki na la kioo chake. Joto hilo hulingana na la hewa ikiwa tu hewa inakigusa kwa wingi na hakuna kitu kingine kinachokipasha au kukipoza. Ndiyo maana katika vituo vya ardhini kipimajoto huwekwa ndani ya kibanda cheupe chenye kuta za vibao vilivyoachana, ili kiwe kivulini na upepo uweze kupita.

Katika puto masharti hayo mawili hukosekana. Kwanza, juu ya mawingu jua ni kali na hakuna kivuli cha kutegemewa. Pili, puto husafiri pamoja na upepo. Hata likibebwa kwa kasi kubwa kutoka wilaya moja hadi nyingine, aliye kikapuni haoni nywele zake zikipeperuka, kwa sababu hewa inayomzunguka inasafiri pamoja naye. Hivyo kipimajoto kilichomo kwenye chombo kinachokwenda mbio kiko, kwa kweli, katika hewa tulivu. Jua hukipasha na hakuna upepo wa kuliondoa joto hilo.

Kuna sababu nyingine tatu. Hewa ya juu ni nyepesi, kwa hiyo uwezo wake wa kupoza kioo ni mdogo, na kosa huongezeka kadiri puto linavyopanda. Mfuko wa puto wenyewe hupashwa na jua, na miili ya watu waliomo kikapuni hutoa joto. Mwishowe kipimajoto huchelewa: puto likipanda mita 5 kwa sekunde, na kipimajoto kikihitaji dakika moja ili kuzoea joto jipya, namba inayosomwa ni ya hewa iliyoachwa mita 300 nyuma. Kwa kawaida hewa hupoa takriban nyuzi 6.5 kwa kila kilomita, kwa hiyo ucheleweshaji huo peke yake unaweza kuleta kosa la karibu nyuzi 2.

Makosa yote haya, isipokuwa yale ya wakati wa kushuka, huelekea upande mmoja: yanafanya hewa ya juu ionekane na joto kuliko ilivyo. Kwa sababu hiyo wastani wa safari nyingi hauwezi kuyafuta.

Kifaa cha Assmann

Assmann alianza kutafuta dawa ya tatizo hili mwishoni mwa miaka ya 1880 akishirikiana na Hans Bartsch von Sigsfeld. Walitengeneza kifaa chenye vipimajoto viwili, kimoja kikavu na kingine chenye kitambaa chenye maji kwa ajili ya kupima unyevu wa hewa. Kila kimoja kilizungukwa na mirija miwili ya chuma, mmoja ndani ya mwingine, iliyong'arishwa kama kioo ili irudishe miali ya jua. Juu yake palikuwa na feni ndogo iliyoendeshwa kwa mtambo wa saa, iliyofyonza hewa na kuipitisha kwenye vipimajoto kwa kasi isiyobadilika sana.

Hivyo kifaa kilibeba kivuli chake na upepo wake. Kiliweza kutumika juani, katika hewa tulivu, au katika chombo kinachokwenda bila namba zake kutegemea mwendo wa chombo.

Katika safari za Berlin kifaa hicho hakikuwekwa kikapuni. Kilitundikwa nje kwenye mti mrefu, mbali na joto la abiria, na msomaji alitumia darubini ndogo kuona namba.

Safari za puto kutoka Berlin

Assmann na wenzake walipanga mfululizo wa safari za kisayansi zilizosaidiwa kwa fedha na Kaisari Wilhelm II. Puto la kwanza kubwa, Humboldt, liliungua mwaka 1893 wakati gesi yake ilipokuwa ikitolewa baada ya kutua. Nafasi yake ilichukuliwa mwaka huohuo na puto lililoitwa Phönix. Mfululizo huo ulifikia safari 65, na Berson alishiriki katika nyingi kati ya hizo. Matokeo yalichapishwa na Assmann na Berson katika vitabu vitatu kati ya 1899 na 1900.

Tarehe 4 Desemba 1894 Berson alipanda peke yake kutoka Staßfurt katika Phönix iliyojazwa hidrojeni. Akivuta oksijeni kutoka kwenye chupa, alifika kimo cha mita 9,155. Hapo kifaa cha Assmann kilionyesha nyuzi 47.9 chini ya sifuri. Alitua salama karibu na Kiel baada ya kuvuka sehemu kubwa ya kaskazini mwa Ujerumani.

Tofauti na namba za Glaisher ilikuwa zaidi ya nyuzi 25. Hata hivyo ilikuwa mapema kusema kwamba Glaisher alikosea. Yeye alikuwa amepanda Uingereza mwezi Septemba, na Berson alipanda Ujerumani mwezi Desemba. Mtu angeweza kudai kwamba tofauti ni ya majira na mahali, si ya vifaa.

Ili kujibu hoja hiyo, Berson alisafiri kwenda Uingereza. Tarehe 15 Septemba 1898 alipanda kutoka Crystal Palace, London, pamoja na rubani Stanley Spencer. Ilikuwa siku ya joto, katika nchi ileile na mwezi uleule wa safari ya Glaisher. Walifika kimo cha zaidi ya mita 8,000, na halijoto iliyosomwa huko ilikuwa takriban nyuzi 34 chini ya sifuri. Hata siku ya joto hewa ya juu ilikuwa na baridi kali kuliko Glaisher alivyoandika, ingawa Berson hakufika kimo kile. Baada ya hapo wataalamu walikubali kwamba vipimo vya zamani vya kimo kikubwa vilikuwa vimepashwa na jua.

Safari ya mwaka 1901 na ugunduzi wa stratosfia

Mwishoni mwa karne ya 19 wataalamu walianza kutumia maputo yasiyo na watu, yaliyobeba kifaa kidogo cha kujiandikia joto na kanieneo. Huko Trappes karibu na Paris, Mfaransa Léon Teisserenc de Bort aliona jambo la ajabu: kuanzia kimo cha takriban kilomita 11, joto liliacha kushuka. Hakuna aliyetarajia hali hiyo, na maelezo rahisi yalikuwa kwamba hili nalo ni kosa la jua. Puto la karatasi linapokaribia kilele chake hupunguza mwendo na kusimama. Hapo hewa haipiti tena kwenye kipimajoto, na jua hukipasha. Teisserenc de Bort mwenyewe alihofia kosa hilo, akarusha maputo mengi usiku.

Assmann alichukua njia nyingine. Alitumia maputo ya mpira yaliyofungwa kabisa. Puto la namna hiyo hutanuka kadiri linavyopanda na halipunguzi mwendo mpaka lipasuke, kwa hiyo kifaa hupata upepo hadi mwisho. Kisha kifaa hushuka kwa mwavuli.

Lakini kilihitajika pia kipimo cha kulinganisha, kilichosomwa na mtu kwa macho yake. Kazi hiyo ilimwangukia Berson na Reinhard Süring (1866–1950). Tarehe 31 Julai 1901 walipanda kutoka uwanja wa Tempelhof, Berlin, katika puto kubwa lililoitwa Preussen, lenye uwezo wa mita za ujazo 8,400. Waliendelea kusoma vifaa mpaka kupita kimo cha mita 10,000, ambapo halijoto ilikuwa takriban nyuzi 40 chini ya sifuri. Waliishiwa nguvu licha ya kuvuta oksijeni. Berson aliwahi kuvuta kamba ya valvu ili puto lishuke, kisha wote wawili wakapoteza fahamu. Walizinduka puto likiwa limeshashuka kilomita kadhaa, wakatua karibu na Cottbus. Kimo cha juu kilichokubaliwa ni mita 10,800, na kwa miaka mingi hakuna mtu aliyewazidi katika puto.

Vipimo vya siku hiyo vilisaidia kuonyesha kwamba vifaa vya kujiandikia vilivyobebwa na maputo yasiyo na watu viliweza kuaminiwa. Mwaka uliofuata, mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei 1902, Teisserenc de Bort na Assmann walitangaza kila mmoja kwa upande wake kuwapo kwa tabaka jipya la angahewa, ambalo leo linaitwa stratosfia.

Vipimo kutoka melini

Mwaka 1902 Berson na Hermann Elias walisafiri kwa meli hadi Spitsbergen katika Bahari ya Aktiki, wakirusha tiara zilizobeba vifaa vya kupimia. Tiara inahitaji upepo, na meli inayokwenda huongeza upepo huo au kuupunguza kulingana na mwelekeo wake. Tofauti na puto linalobebwa na upepo, tiara huvutwa dhidi ya hewa, kwa hiyo kipimajoto chake hupigwa na hewa mpya wakati wote. Njia hii ilifungua uwezekano wa kupima hewa juu ya bahari, ambako hakuna vituo.

Safari ya Afrika Mashariki, 1908

Kufikia mwaka 1905 kituo cha Assmann kilihamia Lindenberg, kusini-mashariki mwa Berlin. Kutoka huko Berson na Elias walitumwa Afrika Mashariki mwaka 1908.

Swali lilikuwa hili: je, stratosfia ipo pia juu ya ikweta? Maputo yaliyorushwa na Teisserenc de Bort na Mmarekani Lawrence Rotch juu ya Bahari ya Atlantiki yalikuwa hayajaipata katika maeneo ya joto, na baadhi ya wataalamu walidhani kwamba huko haipo. Jibu lingepatikana tu kwa maputo yenye kufika juu zaidi.

Eneo la sehemu kubwa ya Tanzania bara ya leo lilikuwa wakati ule koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani, na vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha muda mfupi tu uliopita. Dar es Salaam ilikuwa makao makuu ya serikali ya kikoloni na pia ya huduma yake ya hali ya hewa. Kituo kikuu cha mji huo kiliwahi kuongozwa na Hans Maurer, na mwanzoni mwa karne ya 20 na Carl Uhlig. Kulikuwa basi na vipimo vya ardhini vya kulinganishia, lakini kuhusu hewa ya kilomita 10 au 20 juu ya nchi hakuna aliyekuwa na habari. Reli kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika Morogoro tu. Upande wa Waingereza reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu tangu 1901.

Ziwa Viktoria lilifaa kwa sababu mbili. Lipo kwenye ikweta, na uso wake ni mpana na wazi. Puto likiangusha kifaa porini, kifaa hicho huenda kisionekane tena, na bila kifaa hakuna kipimo. Juu ya maji watafiti wa wakati ule walitumia maputo mawili yaliyofungwa pamoja: moja likipasuka, la pili hupunguza kasi ya kushuka na kubaki likielea juu ya kifaa kama bendera, mpaka chombo kikifikie. Vipimo vilifanywa pia juu ya Bahari Hindi.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Stratosfia ipo pia juu ya ikweta, lakini huanzia juu zaidi kuliko Ulaya, takriban kilomita 16 hadi 17 badala ya 11. Kwa kuwa joto huendelea kushuka kwa kilomita nyingi zaidi, hewa ya juu ya ikweta ni baridi kuliko ya Ulaya kwenye vimo hivyo. Baridi kali kabisa iliyoandikwa na vifaa vya Berson, karibu na kimo cha kilomita 19 hadi 20, ilikuwa takriban nyuzi 84 chini ya sifuri. Hivyo hewa yenye baridi kubwa ilipatikana juu ya nchi ambayo ardhi yake ina joto mwaka mzima.

Kwa namba kama hiyo swali la kosa la vipimo lilikuwa muhimu. Kosa la jua hupasha kipimajoto, halikipozi. Ikiwa vifaa vilikuwa na kosa la aina hiyo, basi hewa halisi ilikuwa baridi zaidi ya namba iliyoandikwa, si chini yake. Ripoti ya safari ilichapishwa mwaka 1910.

Pepo za Berson

Maputo yaliyofuatiliwa kwa macho kutoka chini yalionyesha pia mwelekeo wa upepo. Karibu na kimo cha kilomita 20 juu ya ikweta Berson alikuta upepo ukivuma kutoka magharibi.

Jambo hili lilipingana na kilichojulikana. Mlima wa volkeno Krakatoa, nchini Indonesia ya leo, ulipolipuka Agosti 1883, vumbi lake lilizunguka dunia kwenye eneo la ikweta kwa muda wa wiki mbili hivi, likielekea magharibi. Maana yake ni kwamba upepo wa huko juu ulitoka mashariki. Kwa nusu karne wataalamu walijaribu kuvipatanisha vipimo hivi viwili kwa kuchora ukanda mwembamba wa pepo za Berson ndani ya pepo za mashariki za Krakatoa. Wengine waliona kwamba huenda vipimo vya 1908 vilikuwa vya bahati tu.

Jibu lilikuja katika miaka 1960 na 1961, wakati R. A. Ebdon nchini Uingereza na Richard Reed nchini Marekani, kila mmoja kwa njia yake, walipochunguza vipimo vya miaka mingi vya maputo ya kisasa. Waligundua kwamba upepo wa stratosfia juu ya ikweta hubadilika: huvuma kutoka mashariki kwa mwaka mmoja hivi, kisha kutoka magharibi, na mzunguko mzima huchukua takriban miezi 28. Mwaka 1883 ulikuwa wakati wa upepo wa mashariki, na mwaka 1908 ulikuwa wakati wa upepo wa magharibi. Vipimo vyote viwili vilikuwa sahihi.

Kifo

Berson alifariki Berlin tarehe 3 Desemba 1942 akiwa na umri wa miaka 83, karibu miaka 20 kabla ya fumbo la pepo zake kutatuliwa.

Makosa hayohayo kwenye magari na ndege

Baada ya puto na meli, gari lilikuwa chombo kilichofuata. Mwaka 1927 Wilhelm Schmidt alizungusha kipimajoto kwa gari mjini Vienna ili kuchora ramani ya joto la mji, na njia hiyo imeenea duniani kwa sababu gari moja huweza kufika mitaa mingi kwa saa moja.

Faida yake na hatari zake zinaeleweka kwa mfano wa Mnazi Mmoja, Dar es Salaam. Viwanja na bustani ya Mnazi Mmoja viko kati ya Barabara ya Bibi Titi Mohammed na Mtaa wa Lumumba. Uwazi huo ulitokana na mipango ya kikoloni ya kutenganisha katikati ya mji na makazi ya Waafrika huko Kariakoo. Leo unatenganisha maghorofa ya pande zote mbili. Miti na nyasi upande mmoja, saruji, lami na maduka yaliyosongamana upande mwingine: ni mahali ambapo mtu angetarajia joto kubadilika ndani ya hatua chache.

Tuseme gari linavuka hapo kuelekea Kariakoo kwa kasi ya kilomita 36 kwa saa, yaani mita 10 kwa sekunde. Kipimajoto kikihitaji nusu dakika kuonyesha sehemu kubwa ya badiliko, gari litakuwa limekwenda mita 300. Bustani itakuwa imeshapita kabla namba haijashuka vya kutosha, na ubaridi wa Mnazi Mmoja utaandikwa kwenye ramani kama ubaridi wa Kariakoo. Dawa yake ni kipimajoto chepesi chenye kuitika haraka, au kupita njia ileile kwa kwenda na kurudi ili makosa ya pande mbili yalinganishwe.

Foleni huleta kosa la pili. Gari likisimama kwenye taa, upepo wa mwendo hukatika, na kipimajoto kilichofungwa karibu na boneti hupokea joto la injini yake, la lami na la magari ya jirani. Likianza kwenda, namba hushuka ingawa hewa ya mtaa haijabadilika. Ndiyo maana namba inayoonekana kwenye dashibodi ya gari lililokaa juani haifai kuchukuliwa kama joto la jiji. Kipimajoto cha utafiti hufungwa juu na mbele ya gari, ndani ya mrija mweupe au unaong'aa, na hupewa feni yake, kama Assmann alivyofanya.

Kosa la tatu ni la muda. Mzunguko unaoanza saa moja asubuhi na kwisha saa mbili unakuta jua limeshapanda, na mtaa uliopimwa mwisho utaonekana na joto zaidi hata kama haukuwa hivyo. Kwa hiyo huhitajika kipimajoto kingine kilichotulia mahali pamoja, ili ongezeko la saa hiyo litolewe kwenye hesabu.

Kwenye ndege kuna kosa lililo kinyume cha lile la puto. Hewa inayogonga kipimajoto kwa kasi kubwa husukumwa na kusimamishwa, na mwendo wake hugeuka kuwa joto. Kwa gari linalokwenda mita 20 kwa sekunde ongezeko hilo ni nyuzi 0.2 tu. Kwa mita 100 kwa sekunde linafikia nyuzi 5, na kwa ndege ya abiria yenye kasi ya mita 250 kwa sekunde linapita nyuzi 30. Kompyuta ya ndege hulazimika kuliondoa kabla namba haijatumika katika utabiri.

Maputo ya mpira kama yale ya Assmann na Berson yangali yanarushwa na vituo vya hali ya hewa duniani kote, pamoja na Dar es Salaam, yakibeba vifaa vinavyotuma namba kwa redio. Saa rasmi za kimataifa za vipimo hivyo, kwa saa za Afrika Mashariki, ni saa tisa usiku na saa tisa alasiri. Vipimo vya mchana bado husahihishwa ili kuondoa joto la jua.